Santuri Iliyofunika Maharage

Pasiansi, Mwanza
2 Mei 2024

Mzee Lwakatare,

Shikamoo. Hunifahamu. Jina langu ni Evelina Mashimba, hapa mtaani wananiita Mama Selina. Anwani yako nimepewa na Bernadeta wa kwaya yetu, ambaye kwao ni huko Kamachumu. Alinipa na namba ya simu. Nimepiga mara nne, inaita mpaka inakata, ndiyo maana nimekaa chini na kalamu. Uniwie radhi kwa mwandiko. Vidole vyangu vilikaa miaka mingi kwenye nyuzi za kiwanda kimoja cha nguo pale Nyakato, na siku hizi havinyooki.

Nakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe, maana nimechoka, na kwa umri wako nadhani na wewe umechoka. Mwaka 1985 ulikuwa unaandika gazetini safu ya muziki, "Sikio la Jumamosi". Mume wangu, Luhende, alikuwa fundi mitambo kiwandani kwetu, na kila Jumamosi mchana ndiye aliyekuwa akipiga santuri kwenye bugi, dansi la ukumbi wa wafanyakazi. Safu yako alikuwa anaisoma akiwa amesimama, kama Injili. Santuri ambayo hukuisifu hakuinunua. Moja tu ndiyo iliingia bila idhini yako, nayo alipewa na bruda wa misheni, Mbrazil, fundi wa majenereta, siku anaondoka kurudi kwao. Ni ya Orlandino Paixão, ya mwaka 1979, muziki wa disko. Jalada la njano, mwenyewe kasimama na suruali nyeupe. Sisi tuliiita "Suruali".

Mzee, watu waliipenda ile santuri. Mimi nilimpata Luhende kwa sababu yake. Nilimfuata mezani kwake nikamwuliza wimbo wa kwanza unasema nini. Akasema hajui hata neno moja, halafu akaurudia mara mbili kwa ajili yangu, ukumbi mzima ukapiga miluzi. Mwaka 1984 tukafunga ndoa.

Mwaka uliofuata ukaandika. Kipande cha gazeti ninacho, kimekuwa rangi ya chai. "Mbrazil huyu ameuza ngoma ya kwao akanunua suruali nyeupe. Tarumbeta zake zinalia kama mbuzi aliyefungwa juani. Anayeipiga santuri hii mbele ya watu anawadharau watu hao. Kama unayo, itakufaa kufunikia sufuria."

Kiwandani waliisoma wote. Mafundi wenzake wakawa wanalia mee akipita. Kamati ya ukumbi ikamwita. Siku hiyo alirudi nyumbani mapema, akaitoa santuri kwenye jalada lake na kuifunikia sufuria ya maharage niliyokuwa nimeinjika. Natoka bombani na ndoo, naikuta inatoa jasho. Nilipoinyanyua ilikuwa imepinda upande mmoja. Niliikandamiza kwa mfuko wa saruji wiki mbili, ikanyooka, ila haikunyooka yote. Tangu hapo Luhende hakupiga tena santuri mbele za watu, iwe hiyo au nyingine.

Tarehe 24 Agosti tunatimiza miaka arobaini ya ndoa. Padri atatubariki kwenye misa ya asubuhi na watoto watatupikia hapa nyumbani. Luhende moyo wake umetanuka, ndivyo daktari alivyotuambia. Miguu inajaa maji, na kutoka kitandani hadi kibarazani anapumzika mara mbili. Jubilei ya hamsini hatutaifikia. Nimemwomba kitu kimoja tu, siku hiyo ule wimbo upigwe. Akaniambia, "Evelina, achana nao. Watatucheka."

Naomba uandike mistari mitatu kwa mkono wako, kwamba ukiitazama leo santuri ile si mbaya. Kwako ni karatasi moja. Kwake ni ruhusa.

Wako katika heshima,
Evelina Mashimba (Mama Selina)


Kamachumu
19 Mei 2024

Mama Selina,

Marahaba. Barua yako niliikuta Muleba, dukani kwa Pius, ambako watu wa basi huacha mizigo yetu. Ya simu usijisumbue nayo. Ni ya dada yangu Kokuberwa na makazi yake ni kikapu cha mboga. Mimi ni mtu wa karatasi.

Nakupa pole ya kuuguza. Ni kazi isiyo na siku ya mapumziko, nami niliifanya kwa marehemu mke wangu. Huku migomba imeingiwa na mnyauko, tunakata na kuchoma, tunakata na kuchoma. Nina miaka sabini na minne na sina tena hamu ya kubishana na mtu, lakini umeniuliza na lazima nijibu.

Niliandika safu zaidi ya mia nne na nyingi nimezisahau. Hiyo naikumbuka. Mhariri alisimama juu ya kiti akaisoma sentensi ya mbuzi kwa sauti, chumba kizima kikacheka, na kwa miezi kadhaa baadaye watu walinisimamisha barabarani kunipongeza. Sikujua kwamba huko Mwanza kuna mtu alichekwa na kusengenywa kwa sababu yake, na nasikitika kwa hilo.

Lakini kufuta siwezi. Mhakiki anayegeuza neno lake kwa sababu ameombwa, hata akiombwa na mke wa mgonjwa, ina maana hakuwa na neno tangu mwanzo. Tena sikuwa peke yangu. Walioisikia santuri ile, Ulaya na kwao Brazil, waliikataa karibu wote. Walisema mtu mwenye kipaji kile alikuwa amejidhalilisha. Kukuandikia uongo wa kusomwa kwenye jubilei yenu, naomba unisamehe, sitaweza.

Mpigieni rumba. Hajapata kutokea mtu akachekwa kwa rumba.

Lwakatare


Pasiansi
3 Juni 2024

Mzee Lwakatare,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikasirika, ya pili nikaona nusu yake ni kweli. Sikupaswa kukuomba uongo. Sasa nakuomba jambo lingine, uisikilize tena.

Hii hapa santuri yenyewe. Nimeifunga kwa khanga mbili, nikaibana katikati ya milango ya kabati la zamani, nikamkabidhi mtu wa basi la Bukoba huku nikimwapisha. Luhende hajui. Santuri hukaa kwenye sanduku chini ya kitanda, na Luhende siku hizi hawezi kuinama. Naona aibu kuandika kwamba nimetumia nafasi ya ugonjwa wake, lakini ndivyo nilivyofanya.

Uitunze, Mzee. Mkwe wangu ameitafuta kwenye mtandao siku tatu, hakuipata. Mashine yetu ya kuipigia ilikufa mwaka 1997. Iliyopo ni hiyo iliyoko mikononi mwako.

Ukiiweka, usiwe na haraka. Mwanzo kuna gitaa linakwaruza. Besi inaingia kama mtu anayebisha hodi kwa kiwiko kwa sababu mikono yote imeshika mizigo. Halafu yeye anaanza kuimba. Ulisema amejidhalilisha. Mimi nasikia mtu aliyechoka ambaye bado anataka kucheza. Nilipokuwa msichana sikulisikia hilo, nilisikia raha tu. Siku hizi nalikumbuka kila nikimshika Luhende mkono kumpandisha bajaji pale Buzuruga twende kliniki. Wiki hii tumekwenda mara tatu.

Ukimaliza kuisikiliza, na ukaona bado ni mbuzi, niandikie kwamba ni mbuzi. Nitanyamaza na tutapiga rumba. Naomba tu irudi kabla ya Julai kwisha, nipate muda wa kutafuta mashine ya kuazima.

Evelina


Pasiansi
15 Julai 2024

Mzee Lwakatare,

Shikamoo. Wiki sita zimepita na sijapata neno. Nimekwenda kwa yule mtu wa basi, amenionyesha daftari, mzigo ulipokelewa Muleba tarehe 5 Juni na sahihi ni yako.

Jana Luhende ameniambia nimtolee lile sanduku. Nikamjibu kwamba ufunguo umepotea. Alinitazama, akatazama sanduku, na Mzee, sanduku lile halijawahi kuwa na kufuli. Kisha akasema, "Basi ukiupata utaniambia." Nilikwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Sikuulizi tena umeionaje. Nirudishie tu.

Evelina


Kamachumu
28 Julai 2024

Mama Selina,

Sijaisikiliza. Siwezi. Mimi ni kiziwi.

Sikio la kushoto lilizima mwaka 2015, la kulia miaka sita iliyopita. Simu yako unapopiga, kama dada yuko shambani, inalia kikapuni pembeni yangu nami naendelea kusoma gazeti. Kokuberwa akitaka kuniambia kitu anaandika kwenye daftari, naye haandiki ila kwa ulazima. Tunakaa siku nzima bila neno.

Ningeweza kukuambia mwezi Mei, wala ukiziwi si aibu. Sikusema kwa sababu nyuma yake kuna la pili. Nimelizunguka wiki saba, na santuri yenu iko hapa kitandani kwa marehemu mke wangu, ndani ya khanga zako, sijathubutu kuifungua.

Mwaka 1985 sikuisikia pia.

Wewe unaikumbuka miaka ile. Sabuni yenyewe ilikuwa foleni, nani angetoa fedha za kigeni kuagiza santuri? Tulichopata ni majarida ya nje, yaliyoachwa na marubani na watu wa balozi, mengine ya miaka mitano nyuma. Nami kila Jumamosi nilikuwa na safu ya kujaza. Mara nyingi niliandika juu ya bendi zetu nilizozisikia kwa masikio haya, na hizo safu ninazisimamia hadi leo. Wiki ile niliumwa malaria, sikutoka. Nikachukua wahakiki watatu wa Ulaya waliomchukia Orlandino Paixão, nikawachanganya, nikawafanya Waswahili. Mbuzi peke yake ndiye aliyekuwa wangu.

Na nikueleze kwa nini nilimchagua yeye. Niliamini nchi nzima haina nakala hata moja ya santuri ile. Nilitaka kumchapa mtu wa mbali, ambaye hapa hana ndugu, ili nisimuumize yeyote. Nilijiona mwungwana.

Sasa ningekuandikia ile mistari mitatu uliyoiomba. Mkono hauna tena kiburi. Lakini nikiisifu leo nitakuwa nimeihukumu mara ya pili bila kuisikia. Niambie unataka nifanye nini. Chochote utakachosema, isipokuwa hicho, nitafanya.

Lwakatare


Pasiansi
6 Agosti 2024

Mzee Lwakatare,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, nikamalizia nimekaa juu ya ndoo. Nilitafuta matusi ya kukuandikia. Ninayo ya Kiswahili na ya Kisukuma, lakini mchana ule nilikuwa nimetoka kumwogesha Luhende na kubadili mashuka, nikaona nguvu iliyobaki nipikie uji.

Luhende hatajua. Mtu aliacha kitu alichokipenda kwa miaka thelathini na tisa kwa sababu ya maneno ya mtu ambaye hakusikia. Habari kama hiyo simpi mwenye moyo uliotanuka. Barua zako zote nimezificha.

Nami nina langu, na kwa kuwa wewe hutaweza kumwambia mtu kwa simu, nakuambia. Kiwandani Luhende alikuwa zamu ya asubuhi, mimi ya jioni. Miaka kumi na mbili tulipishana njiani. Kila siku nilipomaliza kupika na kumfunikia chakula chake, kabla sijatoka, nilikuwa nafunga mlango naipiga Suruali. Sauti ndogo, wimbo wa kwanza tu. Kisha naifuta alama za vidole, naifunika mashine kwa kitambaa chake cha kufuma, nakwenda kazini. Sikumwambia hata siku moja. Niliona nikimwambia nitamkumbusha ile mee ya mafundi, na nitamwonyesha kwamba mke wake anapenda kitu ambacho yeye alikitupa. Kwa hiyo usione kwamba ni wewe peke yako uliyenyamaza.

Unaniuliza ufanye nini. Irudishe. Jubilei ni Jumamosi ya tarehe 24. Namba ya kupokelea mzigo nimeiandika nyuma ya bahasha, ni ya simu ya hapa nyumbani, huwa inakaa na mimi. Mashine sijapata, lakini ikiwepo santuri nitakuwa sijamwibia.

Evelina


Kamachumu
14 Agosti 2024

Mama Selina,

Kwenye boksi hili kuna vitu viwili. Kimoja ni santuri yenu, ndani ya khanga zako. Kingine ni mashine yangu na spika yake. Sindano mpya iko kwenye ganda la kiberiti, imefungwa kwa uzi mwekundu. Mashine hii usiirudishe. Hapa kwangu ilikuwa imebaki kubeba kalenda.

Jumamosi iliyopita nilifanya kazi niliyotakiwa kuifanya mwaka 1985. Nimeiandika kwenye karatasi ya pili. Sikusema kama santuri ni nzuri au mbaya, nimesema nilichokiona tu. Umsomee au usimsomee, wewe ndiye unayemjua.

Lwakatare


SIKIO LA JUMAMOSI

Tarehe 10 Agosti, saa nne asubuhi, santuri ya Orlandino Paixão ilipigwa Kamachumu mbele ya msikilizaji mmoja. Jina lake ni Kokuberwa, ana miaka sabini na tisa, ni mjane na mama wa kanisa, na hajapata kusifu kitu chochote kilicholetwa nyumbani na mdogo wake. Alikuwa anamenya ndizi. Mwandishi wa safu hii, ambaye hasikii, alikaa mbele yake akimtazama.

Kwanza alikunja uso, kama mtu aliyekuta chumvi kwenye chai. Mwandishi akajisemea, basi Ulaya walisema kweli. Baada ya kitambo kisu kikaanza kwenda mwendo ambao si wa Kokuberwa. Yeye humenya kwa hasira, ndizi moja moja. Safari hii ndizi sita zilifuatana kwa mwendo mmoja, bila yeye kuzitazama. Kidole gumba cha mguu wa kulia kikawa kinainuka na kushuka ndani ya kandambili. Halafu akacheka. Mwandishi alimsogezea daftari na kumwuliza kuna nini. Akaandika: "Huyu mtu anachechemea, lakini anacheza."

Santuri hii imepinda, na sindano ilionekana ikipanda na kushuka kila mzunguko. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, Kokuberwa alichukua daftari mwenyewe, bila kuombwa, akaandika neno moja: "Rudia." Ulirudiwa mara tatu. Ndizi zilimenywa nyingi kuliko tulizoweza kula na nyingine tulipeleka kwa majirani.

Mwandishi hawezi kueleza zaidi ya hapo. Mwaka 1985 alihukumu santuri hii bila kuisikia. Anamwomba radhi mwanamuziki, na zaidi yake anamwomba radhi aliyekuwa mpiga santuri wa ukumbi wa wafanyakazi, Nyakato.


Pasiansi, Mwanza
27 Agosti 2024

Mzee Lwakatare,

Shikamoo. Umenizidi miaka minne tu, lakini gazeti lilikuongezea umri. Anayeandika ni Luhende. Barua hii nimeianza juzi. Nikichoka naiweka chini, pumzi ikirudi naendelea.

Mtu wa basi alipiga simu siku ya Alhamisi, Evelina akiwa kanisani kupanga maua. Simu alikuwa ameisahau mezani, nikapokea. Jirani yangu Ngosha akanifuatia boksi. Nilifungua, nikasoma, kisha nikatafuta barua zako nyingine. Zilikuwa kwenye kopo la mchele. Evelina huficha vitu humo tangu tulipooana, na mimi huwa najifanya sijui. Nimesoma zote, na za kwake amenieleza mwenyewe, analia.

Sasa nisikilize, Mzee. Nilijua.

Nilijua Jumamosi ile ile, gazeti likiwa bado mkononi. Uliandika tarumbeta. Kwenye santuri ile hamna tarumbeta hata moja, upande wa kwanza wala wa pili. Kuna gitaa, besi, ngoma, kinanda, na mwanamke anayeitikia kwa mbali. Nilikuwa nimeipiga zaidi ya mara mia, kila mlio naujua unapoingia. Nikasema moyoni, huyu bwana hajaisikia.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nilisema. Kamati ya ukumbi iliponiita, niliwaambia jamani, hamna tarumbeta humu, nipeni dakika nne niwapigie msikie wenyewe. Mwenyekiti akanijibu kwamba gazeti limeshasema. Mimi nimeishia darasa la saba. Hawakunipa hizo dakika nne. Watu wale wale waliokuwa wanavunja viti wakicheza wimbo ule walikaa pale kunitazama kama mtu aliyewalisha kibudu.

Kwa hiyo niliiweka juu ya sufuria. Evelina amefikiri miaka yote kwamba nilikuamini. Sikukuamini hata kidogo. Nilichoka kuipenda peke yangu.

Na hapo ndipo kosa langu lilipo, wala si lako. Sikuwa peke yangu. Nikirudi kutoka zamuni, kabla sijafunua chakula, nilikuwa naingiza mkono chini ya kile kitambaa cha kufuma. Mashine nilikuta ina uvuguvugu. Siku ya kwanza nilidhani ni jua la dirishani. Wiki ya pili nikajua. Nikawa naiwasha kabla haijapoa, napiga ule ule wimbo wa kwanza, nakula. Miaka kumi na mbili, Mzee. Alikuwa anafuta alama za vidole vyake, nami nafuta za vyangu. Nilinyamaza nikidhani nikimwambia najua, ataona haya aache, na mimi nitakuwa narudi kwenye mashine ya baridi. Alipokuja kuniambia mwaka huu ipigwe kwenye jubilei, niliogopa wataicheka mbele yake. Ya mimi kuchekwa nilishazoea.

Jumamosi, baada ya chakula, niliwaambia vijana wazime muziki wao. Niliiweka mwenyewe, nimekaa kwenye kiti. Nilipoishusha sindano ikakwaruza. Wajukuu wakacheka. Sauti ilipoanza kuyumba wakacheka zaidi, na mkwe wangu akauliza kama mashine ina kasoro. Walicheka, sikufa. Evelina alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, halafu akaja akakaa karibu nami. Hatukucheza. Miguu yangu haiwezi, na yeye kutwa alikuwa amesimama. Tulikaa tukausikiliza mpaka mwisho. Tangu mwaka 1985 hatukuwahi kuusikia tukiwa chumba kimoja.

Mwambie dada Kokuberwa kwamba Orlandino hachechemei. Ile ni kazi ya maharage yangu. Lakini sasa nikimkumbuka alivyokuwa kabla, naona huyu wa sasa ndiye wetu.

Uhakiki wako Evelina aliusoma kwa sauti mbele ya wageni, wakapiga makofi bila kuelewa. Radhi yako nimeipokea. Kukusamehe, nitakusamehe polepole, kama ninavyotembea.

Ila njoo. Hutasikia, lakini kutazama unajua, na sisi tutakaa mbele yako. Upande wa pili hatujaupiga, tunakusubiri. Usikawie sana.

Luhende